Betri mbili kwenye gari la 4x4: kuzifunga zidumu kwenye joto na chumvi ya Pwani

Betri ya pili hufungwa kwa sababu moja: asubuhi gari liwake. Friji ikinyonya betri ya stata usiku kucha, alfajiri utazungusha ufunguo na kusikia tiki-tiki tu, na kama uko ndani ya Tsavo Mashariki, huenda nusu siku ikapita kabla hujapata wa kukujampia. Basi friji, taa na chaji za simu hupewa betri yao, na betri ya stata huachiwa stata. Mengine yote hapa chini yanatokana na hilo, tangu unene wa waya hadi mahali fyuzi inapokaa.

Kwa anayeishi Mombasa kuna mawili zaidi: joto na chumvi. Betri za risasi hupoteza karibu nusu ya umri wao kwa kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka. Wakati wa kaskazi, kati ya Januari na Machi, hewa yenyewe hufika nyuzi 32 au 33, na chini ya boneti joto hupita 70 gari likiwa kwenye foleni ya feri Likoni. Chumvi nayo hula shaba na chuma polepole, mahali usipopaona. Ndiyo maana tutakaa sana kwenye nyaya, ethi (njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri) na mahali pa kuiweka betri.

Piga hesabu ya mzigo kabla ya kununua chochote

Andika kila kitu kitakachotumia betri ya pili, ampea zake na saa zake kwa siku. Friji ya kompresa ya lita 40 huvuta kama ampea 4 kompresa ikizunguka. Kwa joto la huku, kompresa inaweza kuzunguka nusu ya muda wote, kwa hiyo hesabu wastani wa ampea 2 kwa saa 24, sawa na Ah 48 (Ah ni ampea-saa, yaani ampea mara saa). Taa za LED za kambini, ampea 1 kwa saa 5, ni Ah 5. Simu na kamera, Ah 8. Pampu ndogo ya maji, Ah 1. Jumla ni Ah 62 kwa siku.

Betri ya AGM (ya risasi iliyofungwa, asidi yake imenywewa na mikeka ya nyuzi za kioo) ya Ah 100 haifai kushushwa chini ya nusu mara kwa mara, kwa hiyo una Ah 50 za kutumia. Hizo zinakuvusha kuanzia magharibi hadi asubuhi bila wasiwasi, na ukiendesha saa kadhaa kila siku hutahitaji zaidi. Ukitaka kukaa siku mbili mahali pamoja bila kuwasha injini, AGM moja haitoshi. Chukua lithiamu (LiFePO4) ya Ah 100, ambayo unaweza kutumia Ah 80 bila kuiumiza, na uongeze paneli ya sola ya wati 120. Jua la Pwani likiwa zuri, paneli hiyo hurudisha kama Ah 35 kwa siku.

Usichukue betri ya kawaida ya gari ukaifanya betri ya friji. Sahani zake ni nyembamba, zimetengenezwa kutoa mamia ya ampea kwa sekunde chache halafu zijazwe papo hapo. Ukiishusha hadi nusu kila usiku, sahani huchakaa na baada ya miezi michache haishiki chaji.

Betri kuukuu unayoitoa irudishe kwa muuzaji au kwa mnunuzi wa betri chakavu mwenye leseni. Usiipasue wala usiimwage asidi mtaroni. Mombasa tunalijua hili kwa uchungu: wakaazi wa Owino Uhuru walidhurika kwa sumu ya risasi iliyotoka kwenye kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3.

Lijue gari lako

Si kila gari lenye betri mbili lina mfumo wa betri mbili. Land Cruiser nyingi za dizeli hutoka kiwandani na betri mbili, na zote ni za stata. Nyingine zilizoletwa kutoka Japani, kama baadhi ya Land Cruiser 80 za dizeli, huwasha kwa volti 24. Fungua boneti ufuate nyaya: chanya ikienda kwa chanya, zimeungwa sambamba na gari ni la volti 12. Chanya ya moja ikienda kwa hasi ya nyingine, stata ni ya volti 24, na maelezo haya ya volti 12 usiyafuate kabla hujapata chaja inayopokea 24 na kutoa 12. Usichukue volti 12 kutoka kwenye betri moja tu kati ya hizo mbili. Hiyo moja itabaki na njaa, mwenzake itachajiwa kupita kiasi, na zote zitakufa.

Kisha pima alternata, ile jenereta ya injini inayochaji betri. Endesha dakika 30, simama, acha injini iungurume na taa kubwa zikiwaka, weka mita ya volti kwenye betri ya stata. Ukisoma kati ya 13.8 na 14.4, alternata ni ya kawaida. Ukisoma 13.2 au chini, ama imechoka, ama ni ya zile za kisasa zinazoshusha volti zenyewe ili kuokoa mafuta. Jibu la kipimo hiki ndilo linaloamua kitenganishi, yaani kifaa kinachokaa kati ya betri mbili.

Kitenganishi: rilei ya volti au chaja ya DC-DC

Rilei ya volti huunganisha betri mbili injini ikiwaka na kuzitenganisha ikizimwa. Nyingi hufunga, yaani huunganisha, volti zikifika 13.3 na kuachia zikishuka hadi 12.8. Ni rahisi, ni imara, na kwa gari la zamani lenye alternata ya kawaida na betri ya pili ya risasi, inatosha kabisa.

Rilei hiyo haifai mahali pawili. Kwenye alternata ya kisasa haitafunga, au itafunga na kuachia ovyo, kwa sababu volti hazikai juu ya 13.3. Na kwenye lithiamu ni mtego: lithiamu iliyojaa hutulia kwenye volti 13.3 hivi, juu ya zile 12.8 za kuachia, kwa hiyo rilei inaweza kubaki imefunga hata injini ikiwa imezimwa. Unadhani betri zimetengana, kumbe ziko pamoja. Tena lithiamu tupu huvuta ampea nyingi mno kutoka kwa alternata, na alternata iliyozoea mizigo midogo huungua.

Chaja ya DC-DC hupokea volti zozote za alternata na kutoa volti zinazostahili aina ya betri uliyonayo. Kwa Pwani tunaipendelea, hata kwa gari la zamani, kwa sababu mbili. Inakuruhusu kuweka betri nyuma, mbali na joto la injini. Na ile yenye kihisi cha joto hupunguza volti betri ikipata moto. AGM inayochajiwa kwa volti 14.7 ikiwa na nyuzi 45 huvimba ubavuni, na ikishavimba haina dawa. Ya ampea 25 inatosha Ah 100.

Vitenganishi vya dayodi vipo bado madukani. Viache. Hula volti 0.6 hivi njiani, na betri ya pili haijai hata siku moja.

Mahali pa betri

Chini ya boneti ni karibu na ni rahisi, lakini ni tanuri. Ukilazimika, weka upande usio na ekzosi wala turbo, funga bati la kuzuia joto, na iwe AGM. Lithiamu usiiweke huko kamwe.

Nyuma ya viti au kwenye buti ndipo pazuri. Betri ikikaa ndani na watu, iwe AGM au lithiamu. Betri ya kumwagia maji hutoa haidrojeni ikichajiwa, nayo inahitaji sanduku lililofungwa lenye bomba la kutolea hewa nje. AGM ya Ah 100 ina karibu kilo 30, na gari likipinduka hiyo ni jiwe linaloruka kuelekea vichwani. Chomelea fremu ya chuma cha pembe cha milimita 25 kwa 25, ifunge kwa bolti nne za M8 zinazopita kwenye chuma cha bodi na si bati tupu, na juu weka mkanda wa chuma wa kuibana. Tia mpira chini. Kwenye barabara za mikunjo za mbugani, betri inayocheza hata kidogo huvunjika sahani kwa ndani kabla hujaona ufa wowote nje.

Nyaya, ambako pesa huokolewa vibaya

Chukua mfano huu. Chaja ya ampea 25 ikitoa volti 14.4 huvuta kama ampea 32 upande wa kuingia, kwa sababu inapandisha volti na yenyewe hupoteza kidogo. Kutoka betri ya mbele hadi buti ni mita 5, kwenda na kurudi mita 10. Kwa waya wa milimita mraba 6, volti 0.9 hupotea njiani. Kwa waya wa 16, hupotea 0.35. Alternata ikitoa 13.8, waya wa 6 unaifikishia chaja 12.9 tu, na zingine zinageuka joto ndani ya waya uliopita chini ya kapeti. Kwa hiyo nunua wa 16. Ukitumia rilei na betri zote ziko mbele, mita 1.5 za waya wa 25 zinatosha.

Angalia unachouziwa. Waya wa aluminiamu uliopakwa shaba umejaa sokoni, na kwa macho huwezi kuutofautisha. Kata ncha, chukua uzi mmoja, ukwangue kwa kisu. Ukiwa mweupe ndani na mwekundu juu, ni aluminiamu, urudishe. Waya wa shaba iliyopakwa bati ni kinyume: mweupe juu, mwekundu ndani. Huo ndio bora kwa Pwani, maana bati huzuia ile kutu ya kijani inayotambaa ndani ya ganda la plastiki kwa sentimita nyingi kutoka kwenye ncha.

Lagi, yaani kile kichwa cha shaba chenye tundu la bolti, ibanwe kwa koleo la haidroliki na si kwa nyundo. Lagi iliyobanwa sawa, ukiikata katikati, utaona nyuzi zimekuwa kipande kimoja bila nafasi. Iliyogongwa ina vinafasi, na hewa ya chumvi huingia humo. Kuchomea kwa risasi pekee usikutegemee: waya hukakamaa pale risasi inapoishia, na mtikisiko huukata hapohapo. Malizia kwa mpira unaonywea kwa moto, ule wenye gundi ndani, ufunike shingo ya lagi na ganda la waya kwa sentimita 3.

Fyuzi huulinda waya, si chaja. Betri zote mbili zinaweza kulisha waya ukigusa bodi, kwa hiyo zinahitajika fyuzi mbili, moja karibu na kila betri, ndani ya sentimita 20 za nguzo ya chanya. Kwa chaja ya ampea 25, weka ya 40 kila upande. Kwa rilei yenye waya wa 25, weka ya 100.

Ethi ni nusu ya saketi, na ndiyo inayosahaulika. Kitabuni utaambiwa utumie bodi ya gari kama njia ya kurudi. Katika gari linaloingia ufukweni, rudisha waya wa hasi wa 16 hadi mbele, kwa sababu viungo vya bodi na chesisi hushika kutu. Ikiwa betri ya stata ina kihisi kidogo kwenye nguzo ya hasi, usifunge juu ya nguzo. Funga pale waya wake mkuu unaposhikana na bodi, la sivyo kompyuta ya gari itahesabu chaji vibaya.

Kufunga

1. Vua pete na saa ya chuma. Hakikisha una namba ya siri ya redio ikiwa inahitajika. Fungua hasi ya betri ya stata kwanza, uifunike kwa kitambaa.

2. Funga fremu na betri ya pili. Acha nguzo zake bila waya na uzifunike.

3. Pitisha nyaya ndani ya paipu ya plastiki ya mikunjo, mbali na ekzosi kwa sentimita 15 angalau, na uzishike kila sentimita 30. Kila tundu la bati liwe na mpira wake. Bati tupu hukata ganda polepole, na siku litakapogusa shaba, fyuzi ndiyo itakayokuokoa.

4. Funga chaja karibu na betri ya pili, si karibu na alternata, mahali penye hewa. Ichague aina ya betri kwenye swichi zake. Gari la alternata ya kisasa linahitaji pia waya mwembamba wa ishara kutoka kwenye umeme unaowaka na ufunguo, wenye fyuzi ya ampea 3.

5. Unganisha upande wa chanya wote, kisha hasi, fyuzi zikiwa zimetolewa. Kwangua rangi ya bodi pa ethi hadi chuma king'ae, funga kwa washa ya meno, kisha paka grisi juu. Grisi huja baada ya kukaza, haiwi katikati ya chuma na lagi.

6. Kutoka betri ya pili peleka waya wa 10 hadi sanduku dogo la fyuzi: 15 kwa friji, 10 kwa soketi za simu, 5 kwa taa. Waya huo nao uwe na fyuzi yake karibu na nguzo. Friji ipewe waya wake wa 6 na plagi ya kukaza. Soketi ya kiberiti hulegea kwenye mashimo, na waya wake wa kiwandani ni mwembamba.

7. Rudisha hasi ya stata, weka fyuzi mwisho.

Winchi ibaki kwenye betri ya stata injini ikiwaka. Ikivuta kwa nguvu zote hufika mamia ya ampea, na hakuna kitu katika mfumo huu mdogo kilichotengenezwa kubeba hayo. Inveta (kifaa cha kugeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani) ya wati 1000 nayo huvuta karibu ampea 100. Ya 300 inatosha kompyuta na chaji za kamera.

Kupima kabla ya safari

Betri zikiwa zimepumzika saa kadhaa, pima zote mbili. Betri ya risasi ya kawaida iliyojaa husoma 12.6 au 12.7, AGM kama 12.8, na nusu ni 12.2 hivi. Washa injini. Kwa rilei, subiri mlio wa "tak", kisha upime betri ya pili: isitofautiane na ya kwanza kwa zaidi ya 0.3. Kwa chaja, betri ya pili iende zaidi ya 14 hata kama ya kwanza iko 13.2.

Sasa kipimo ambacho mafundi wengi hukiruka. Chaja ikifanya kazi kwa nguvu, weka ncha moja ya mita kwenye chanya ya betri ya stata na nyingine kwenye chanya ya kuingilia ya chaja. Isome chini ya 0.2. Fanya hivyo upande wa hasi pia. Ukipata 0.5 upande mmoja, kuna lagi mbaya, fyuzi iliyolegea au ethi yenye rangi. Sogeza ncha kiungo kwa kiungo hadi uone pale volti zinaporuka, na hapo ndipo penye kosa.

Mwisho zima injini, washa friji na taa kwa saa mbili. Betri ya stata isishuke.

Yanayoharibika, na kwa nini

Rilei inayolia tak-tak-tak kila sekunde chache: waya mwembamba au ethi mbovu ya rilei. Ikifunga, mzigo hushusha volti, inaachia, volti zinapanda, inafunga tena.

Friji inazima usiku ingawa betri ina 12.4. Friji hupima volti mlangoni mwake, si kwenye betri. Waya mwembamba ukipoteza 0.7 kompresa inapoanza, friji inaona 11.7, na ulinzi wake ukiwa ngazi ya juu, ambayo kwa friji nyingi hukata karibu 11.8, inazima. Kwa kuwa sasa ina betri yake, weka ngazi ya kati, kisha urekebishe waya. Ngazi ya chini usiitumie kwenye AGM, itaishusha mno.

Betri ya pili haijai kamwe, hasa ya AGM. Mara nyingi ni muda tu. Kutoka 50 hadi 80 kwa mia huenda haraka, lakini sehemu ya mwisho hupokea chaji polepole. Safari ya Mombasa hadi Voi, kupitia Mariakani na Mackinnon Road, hairudishi betri iliyoshuka nusu hadi juu kabisa. Mjini iache kwenye chaja ya ukutani usiku mmoja kwa wiki, au iwe na sola.

Unga mweupe au wa buluu-kijani kwenye nguzo: asidi na chumvi. Fungua hasi kwanza, mwagia maji yenye bikaboneti ya soda hadi liache kutoa povu, suuza, kausha, kaza, paka vaselini. Ukitoka ufukweni, osha chini ya gari kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyohiyo, na kila mwezi jaribu kila lagi kwa mkono, inayozunguka imelegea.

Betri ya stata imeisha ingawa mfumo ni mzima. Kama ulitumia rilei yenye swichi ya kuunganisha kwa mkono, bonyeza na usubiri dakika 10 kabla ya kuzungusha stata, ili betri ya pili iijaze kidogo ya kwanza. Ukizungusha mara moja, mzigo wote hupita kwenye fyuzi ya 100, nayo hukatika. Kwenye chaja ya DC-DC hakuna kiungo, kwa hiyo beba nyaya za kujampu. Kisha tafuta kinachonyonya: funga milango, subiri dakika 30, pitisha mita ya ampea kwenye hasi ya stata. Kawaida ni chini ya 0.05. Ukisoma 0.5, ni Ah 12 kwa siku, na betri ya stata ya Ah 70 itashindwa kuwasha dizeli ndani ya siku nne au tano. Toa fyuzi moja moja hadi namba ishuke, na uanze na ya kifaa cha kufuatilia gari na ya kengele ya wizi.